Kabati la droo lenye tumbo: namna ya kulitengeneza kwa mkono bila mashine

Kabati la droo la uso bapa karibu kila fundi analiweza. Likija lile lenye tumbo, yani uso wake umebinuka kuja mbele kutoka upande mmoja hadi mwingine, hapo wengi wanarudi nyuma, utasikia hiyo ni kazi ya bendi soo, ule msumeno wa mashine, hiyo ya kiwandani, au lazima upinde mbao kwa mvuke. Si kweli. Makabati haya yalitengenezwa kwa wingi Uingereza na Marekani kuanzia miaka ya 1780 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1800, wakati huo hakuna umeme, kuna msumeno wa mkono, randa, patasi, gundi ya ngozi basi. Na mengi droo zake hadi leo zinafunguka vizuri tu.

Kitu ambacho mtu hakioni akiliangalia kwa mbele ni kwamba nyuma ya ile venea ya mahogani, yani ubao mwembamba uliobandikwa juu, mbao ya ndani haikupindwa. Mara nyingi imejengwa kwa vipande vifupi vya paini vilivyopangwa kama mwashi anavyopanga tofali, maungio ya mstari wa juu hayakutani na ya mstari wa chini, alafu uso wote ukapigwa randa ukawa laini, venea ikaja juu. Ukishalielewa hilo, na ukawa na templeti moja, yani kibao cha kuchorea umbo, iliyochorwa sawasawa, kilichobaki ni useremala wa kawaida unaohitaji subira. Kwa hiyo kama kuna mahali pa kukaa na kazi hii muda mrefu, kaa kwenye templeti.

Wafaransa walitangulia kwenye samani za kuvimba. André-Charles Boulle, fundi wa mfalme Louis wa 14, alipeleka mawili ya aina hiyo kwenye jumba la Trianon mwaka 1708 na 1709, na waliomfuata wakaendelea kuvimbisha mbele na pembeni mpaka kabati likawa halina mstari ulionyooka. Boston kule Marekani nao wakaiga hiyo ya kuvimba kila upande, wakawa wanaichonga kutoka kwenye mahogani nene, ubao mzima unaishia kuwa taka chini ya meza. Hiyo achana nayo kwanza. La tumbo moja la mbele, lile la mafundi wa London, na wa Salem na Portsmouth kule Marekani, ndilo la kuanzia kwa sababu ukiliweka rula kwa wima uso wake umenyooka kabisa, mviringo uko kwa upana tu, na hilo linarahisisha kila kitu.

Mbao

Kwa mbao ya ndani tumia paini, ile ya Sao Hill inafaa sana, ila chagua isiyo na vifundo na iliyokauka. Kwa nje, wao walitumia mahogani kutoka Jamaika, Kuba na Honduras. Sisi tuna mkangazi ambao uko ukoo mmoja na hiyo mahogani, na tuna mninga, na mimi nikiambiwa nichague nachukua mninga kila siku kwa sababu ukishakauka hauchezi ovyo na hali ya hewa na rangi yake haihitaji kudanganywa na rangi ya kopo. Nunua yenye karatasi zake, usije ukasumbuliwa njiani. Mvule unafaa pia, ila vumbi lake linawasha pua na macho, vaa barakoa.

Suala la kukauka nalirudia kwa sababu ndilo linaloua kabati nyingi. Mbao ya yadi mara nyingi bado ina maji hata kama muuzaji anaapa. Ipange chini ya paa, weka vibao vyembamba katikati ya ubao na ubao hewa ipite, alafu chagua kipande kimoja uwe unakipima uzito kila wiki kwenye mzani, hata wa dukani. Uzito ukiacha kushuka, mbao imekubaliana na hewa ya pale ulipo. Na kumbuka kabati litakaa wapi, ukilitengenezea Dar au Mombasa kwenye unyevu alafu mteja akalipeleka Iringa au Arusha, litasinyaa, na kama uliungia kila kitu kwa gundi litapasuka ubavuni.

Vipimo

Nitatumia vipimo ambavyo hesabu yake inakaa vizuri, ukitaka kubadilisha badilisha. Upana sentimita 96, urefu kwenda juu 92, kina pembeni 45, na tumbo linatoka mbele sentimita 8, kwa hiyo katikati kina ni 53. Mbavu zina unene wa 2.2, urefu wake 76. Juu kuna kifuniko cha sentimita 2, chini kuna miguu na kitako vya 14. Ndani ya ile 76 una sakafu ya sentimita 2, reli ya juu 2, na reli tatu za kutenganisha droo za 2 kila moja, jumla 10, inabaki 66 ya droo nne. Usizigawanye sawa, kabati lenye droo zinazolingana linaonekana zito juu. Anza na 13.5 juu, alafu 15.5, 17.5 na ya chini 19.5. Mengi ya zamani yana droo mbili fupi pale juu badala ya moja ndefu, zinapendeza, ila kwa mara ya kwanza zinakuongezea kazi ya bure.

Kuchora tumbo

Chukua plaiwudi ya milimita 6 ya kuchorea, ila nafasi ya kuchora ni kubwa kwa hiyo fanyia sakafuni. Piga mstari wa sentimita 96. Tafuta katikati yake, alafu kwa skwea ndefu shuka kutoka hapo kurudi nyuma sentimita 140, gonga msumari. Chukua kibao chembamba kirefu kama mita 1.6, toboa tundu la msumari upande mmoja, na sentimita 148 kutoka kwenye tundu hilo toboa tundu la penseli. Zungusha. Penseli ipite kwenye ncha mbili za mstari wako na katikati iwe imetoka mbele sentimita 8 kamili. Ikipita pembeni kidogo, mstari wako wa katikati haukuwa skwea, rudia.

Hiyo 148 imetoka wapi? Nusu ya upana unaizidisha kwa yenyewe, 48 mara 48 ni 2304, tumbo nalo 8 mara 8 ni 64, jumlisha 2368, gawanya kwa tumbo mara mbili yani 16, unapata 148. Upana wowote na tumbo lolote utakalotaka hesabu ni hiyo hiyo. Ila tumbo usilizidishe, kwa upana wa karibu mita moja ukivuka sentimita 10 kabati linaanza kuonekana lina mimba, na ukiwa chini ya 5 mtu anadhani mbao imejipinda yenyewe.

Kata plaiwudi kwenye mstari, malizia kwa tupa ya mbao na msasa ulioviringishwa kwenye kibao, ukipitisha kidole usisikie kona popote. Sasa una vipande viwili, wa mbinuko na wa mbonyeo, na vyote ni mali. Wa mbinuko ndio templeti ya reli, sakafu na droo. Ule wa mbonyeo usiutupe, utakuja kuwa kipimo cha kukagua uso na pia mfano wa kukatia vibano vya venea. Kabla hujang'oa msumari pale sakafuni, chora na mstari wa 150 kwa ajili ya kifuniko kwa sababu chenyewe kinatoka nje sentimita 2, na chora pia mstari wa nyuma ya uso wa droo. Na juu ya templeti andika katikati, kushoto, kulia, alama ya katikati iwe inahamia kwenye kila kipande utakachokata. Mstari huo wa katikati ndio utakaokuokoa baadaye.

Mwili

Mbavu unaunga kutoka mbao mbili za inchi moja kwa kumi, nyuzi, yani mistari ya mbao, ziende wima. Ukingo wa mbele wa ubavu haukai skwea, pale pembeni tumbo linakutana na ubavu kwa mteremko wa kama digrii 19, kwa hiyo weka beveli yako, kile kipimo cha pembe, kutoka kwenye mchoro wa sakafuni, usikisie, na upige randa ukingo wote kwa beveli hiyo. Acha nywele moja ya ziada, itatoka mwishoni.

Sakafu ya kabati inaungana na mbavu kwa doveteli, yale maungio ya meno yenye umbo la mkia wa njiwa, nyuzi zikienda kushoto kulia, ukingo wake wa mbele umekatwa kwa templeti. Juu huhitaji ubao mzima, reli mbili zinatosha, moja mbele yenye tumbo na moja nyuma iliyonyooka, zote zinaingia kichwani mwa mbavu kwa doveteli. Reli za kutenganisha droo nazo zinakatwa kutoka kwenye moja kwa nane ya paini, mbele tumbo nyuma zimenyooka, pembeni zinabaki na sentimita 8 na katikati kama 15. Zinaingia kwenye mbavu kwa ulimi na tundu, ndimi mbili kila upande ni bora kuliko moja pana. Kabla ya kuunga, bandika ukanda wa mninga wa milimita 3 kwenye ukingo wa mbele wa kila reli, unapinda wenyewe kwa mkono na mkanda wa karatasi unatosha kuushikilia mpaka gundi ikauke, alafu hakuna atakayejua ndani ni paini.

Njia za droo, zile reli za pembeni ambazo droo inatembea juu yake, hapa ndipo watu wanapolipasua kabati lao wenyewe. Nyuzi za ubavu ziko wima, kwa hiyo ubavu unatanuka na kusinyaa kuelekea mbele na nyuma. Njia ya droo nyuzi zake zinaenda mbele na nyuma, yenyewe hairefuki wala haifupiki. Ukiipaka gundi urefu wote, ubavu ukitaka kusinyaa umefungwa, utapasuka tu. Mbele ingiza ulimi mfupi kwenye reli na uupake gundi, katikati iache kavu kwenye mfereji wake wa kina cha milimita 4, nyuma tia skrubu moja kwenye tundu refu ili iweze kuteleza.

Ukiunga mwili pima pembe kwa pembe, kushoto juu hadi kulia chini na kinyume chake, ziwe sawa. Alafu nyuma lifanye kabati liwe pana kuliko mbele kwa milimita moja hivi. Droo hizi ni pana kuliko kina chake, na droo ya namna hiyo ina tabia ya kukaa upande na kukwama, ukiipa nafasi kidogo nyuma inatembea, ukiibana nyuma utaichukia maisha yako yote. Mgongo wa kabati ni plaiwudi ya milimita 6 kwenye kidato, yani hatua iliyochongwa ukingoni, misumari midogo, hakuna la kusema hapo.

Nyuso za droo kwa tofali

Sasa tumefika. Kwanza kwa nini usikate uso kutoka kwenye ubao mmoja? Uso wenye urefu wa sentimita 91.6 kwa tumbo hili unahitaji ubao mnene kama sentimita 10, ubao huo haukauki leo wala kesho, na ukishaukata ule mkunjo nyuzi zinakatika pale pembeni ambapo ndipo doveteli zinatakiwa zishike. Kuna na njia ya kuchukua plaiwudi na kuikata mistari nyuma ikapinda, inafanyika sana siku hizi, ila miaka ikienda ile mistari inaanza kuonekana mbele chini ya vanishi uso unakuwa na pembe pembe. Tofali haina hayo matatizo, na uzuri wake inakula mabaki, vile vipande vya futi moja na kidogo ambavyo kila karakana inavichoma.

Tengeneza templeti ndogo ya tofali moja: urefu sentimita 32, unene 3, mbele na nyuma zifuate ule mchoro wa sakafuni, na ncha zake zikatwe kwa mstari unaoelekea kwenye ule msumari wa katikati. Usikate ncha skwea kwa rula, zitaacha mdomo wazi kwenye maungio. Kwenye mbili kwa nne iliyopigwa randa unachora tofali mbili, moja nyuma ya nyingine. Unakata kwa msumeno mwembamba wa fremu, nje ya mstari kidogo, na usihangaike kuzifanya nzuri, zitapigwa randa zikiwa ukuta.

Droo ya juu inakula mistari minne, ya pili na ya tatu minne minne, ya chini mitano, kila moja itazidi kimo na hiyo ziada utaiondoa. Mstari wa kwanza panga tofali tatu nzima. Wa pili anza na nusu, alafu mbili nzima, malizia nusu. Wa tatu rudi kama wa kwanza. Pangia juu ya plaiwudi yenye mchoro, uliyoivisha karatasi ya nailoni ili gundi isishike, na piga randa juu ya kila mstari uwe bapa kabla hujaweka unaofuata, maana uwazi wa nywele kwenye mstari wa kwanza ukifika wa nne unakuwa pengo. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, paka pia kwenye ncha. Kaza kwa klampu kutoka juu, au kama klampu ni chache weka ubao na mawe mazito juu yake, itashika.

Ukimaliza kuunga ziache. Wiki nzima, zaidi kama ni masika. Gundi ya maji inavimbisha mbao kando ya kila ungio, ukipiga randa kesho yake na kubandika venea, baadaye maji yakitoka maungio yanabonyea na utaona mistari ya tofali kwenye venea kila taa ikipiga kwa upande. Hapo hakuna dawa isipokuwa kung'oa.

Kuzilinganisha

Kata ncha za kila uso zikae sambamba na mbavu, siyo kuelekea kwenye msumari, na ziingie kwenye mlango wake, yani nafasi ya droo hiyo kwenye kabati, kwa kubana. Kila uso unatengenezwa kwa mlango wake, andika namba. Nafasi ya juu inategemea msimu: ukitengeneza kiangazi acha milimita 2 mpaka 3 kwa zile droo kubwa kwa sababu masika zitavimba, ukitengeneza masika acha moja, zitasinyaa zenyewe.

Ndani ya uso, pale kwenye ncha zote mbili, piga patasi sehemu ndogo iwe bapa na skwea kwa ubavu, upana wa kama sentimita 1.2, hapo ndipo ubavu wa droo utakapoegemea. Bila hiyo sehemu bapa ubavu wa droo unakutana na uso kwa mteremko na doveteli inakuwa mateso. Ndiyo maana tofali tumezipa unene wa 3, pembeni hapo unakula karibu milimita 4 na bado unabaki na nyama ya kutosha. Doveteli ziwe zile za kujificha, zisitoboe mbele, venea inaziba lakini ncha ya mkia ikitokeza chini ya venea itakuja kujichora. Mbavu za droo sentimita 1.2, paini safi au mkangazi, nyuma ya droo doveteli za kawaida.

Sakafu ya droo, plaiwudi ya milimita 6 naona haina dhambi, ingawa mafundi wa zamani walitumia mbao. Mbavuni inaingia kwenye mfereji. Mbele kuna shida kidogo, randa ya mfereji haiwezi kufuata mbonyeo wa ndani, kwa hiyo badala ya kuchimba bandika kibao chembamba kilichokatwa kwa templeti pale chini ndani ya uso, sakafu ikae juu yake. Ukitumia mbao halisi nyuzi ziende kushoto kulia, iingie kutoka nyuma, msumari uwe nyuma tu na gundi usiweke popote.

Sasa ingiza droo zote nne kwenye kabati, zibane kwa kabari ndogo zikae pale pale zitakapokaa siku zote, na uso mzima uuone kuwa ni kitu kimoja. Bandika rula ya chuma kwa wima, juu mpaka chini, itakuonyesha droo ipi imetoka na ipi imezama. Weka ule wa mbonyeo kwa upana, mwanga ukipita kati yake na mbao kuna kilima pembeni yake. Randa ya kawaida ya chini bapa inafaa kabisa kwa mbinuko, peleka kimshazari, kidogo kidogo, blade kali, maranda yanayotoka yawe membamba. Wengi wanaharakisha kwenda kwenye msasa hapa, msasa unafuata mabonde yaliyopo hauyaondoi, utapata uso laini wenye mawimbi. Chora mistari ya penseli uso wote, randa inapogusa penseli inafutika, na mwisho wake usione penseli popote. Ila ndani ya droo ni mbonyeo na randa haifiki, pale tumia spokshevu, ile randa ndogo ya mikono miwili, au skrepa, kibati cha kukwangulia, kama huna, ndani hakuna atakayelalamika.

Ukimaliza, shusha uso wa kila droo kwa unene wa venea yako, kwa sababu reli zina ule ukanda wa mninga tayari na venea isije ikatokeza mbele yao.

Venea

Venea ya dukani ni nyembamba, sehemu ya milimita tu. Ya zamani ilikatwa kwa msumeno, watu wawili wanavutana, ikawa na unene wa milimita moja na nusu mpaka mbili, na ukiwa na mninga mzuri na mwenzio mwenye subira hata leo inawezekana. Uzuri wa hiyo nene ni kwamba miaka 50 ijayo mtu anaweza kuipiga msasa tena. Kata karatasi nne mfululizo kutoka kwenye ubao mmoja, uziweke droo ya juu mpaka ya chini kwa mpangilio ule ule, michoro ya mbao ishuke uso mzima. Nyuzi ziende kwa upana.

Kama ni nyembamba ya dukani: paka gundi nyeupe kwenye venea na kwenye uso, acha ikauke mpaka ukigusa haishiki, alafu weka venea mahali pake, juu yake karatasi safi, pitisha pasi ya moto kutoka katikati kwenda pembeni. Pasi ya mkaa inafanya kazi sawa tu na ya umeme ukijua kucheza na moto wake, jihadhari na majivu. Nyuma ya pasi fuatisha kibao laini ukikandamiza wakati inapoa.

Kama ni ile nene ya msumeno pasi haitoshi, inataka kubanwa. Kata vibano vitano au sita vya mbonyeo kwa kufuata ule upande wa pili wa templeti, weka venea na gundi mbichi, juu yake nailoni, juu plaiwudi ya milimita 3 inayopinda, alafu vibano, kaza cha katikati kwanza ukielekea nje ili gundi ikimbilie pembeni isinaswe katikati. Mafundi wa zamani walikuwa pia wanatumia mfuko wa mchanga uliopashwa moto, unakaa kwenye mviringo wowote bila kipimo, na joto linaweka gundi ya ngozi katika hali ya maji mpaka ijipange. Hiyo gundi ya ngozi ukiipata, loweka usiku kucha, ipashe kwenye chombo kilicho ndani ya maji ya moto, nyuzi joto 60 hivi, isichemke, ikichemka nguvu imeisha.

Ikikauka gonga uso wote kwa kucha. Sauti tupu ni mahali ambapo haikushika, kwa ile ya dukani rudisha pasi, kwa ile nene pasua kidogo kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi, bana tena.

Kingo za venea zinabanduka haraka sana zikigongwa, na droo inagongwa kila siku. Ndiyo maana ya ule ukanda mwembamba unaozunguka droo za zamani na kutokeza mbele milimita 2 au 3, watu wanadhani ni urembo. Kata kidato kidogo kuzunguka uso, ukanda wa mninga wa milimita 3, kingo yake ya mbele iwe ya duara, bandika.

Kifuniko, miguu na mwisho

Kifuniko ni mbao za kuunga, upana mita 1, kina 55, mbele mstari wa 150. Kinafungwa kwa skrubu kutoka chini kupitia zile reli mbili, za mbele zikaze, za nyuma ziwe kwenye matundu marefu, sababu ni ile ile ya mbavu. Kitako cha mbele chini kinajengwa kwa tofali pia, templeti ile ile, na kila kona ya mguu jaza ndani vipande vya paini vilivyobandikwa mmoja juu ya mwingine, uzito wote wa kabati unakaa hapo, siyo kwenye kile kibao cha mbele. Ile miguu iliyopinda kutoka nje inapendeza kweli, iache kwa kabati la pili.

Rangi ya kopo tafadhali usiiweke kwenye mninga. Shelaki iliyoyeyushwa kwenye spiriti, nyembamba, unapaka kwa kitambaa kilichofungwa pamba ndani, mara nyingi kidogo kidogo, ndiyo inayotoa ule mng'ao wa ndani. Ila kwa nyumba yenye watoto na glasi za maji ya moto vanishi ya kawaida ni salama zaidi, maana shelaki haipatani na joto wala pombe. Ukitumia mafuta ya lini, vile vitambaa ulivyopakia vitandaze nje vikauke, usivikunje ukavirundika kwenye kona, vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto karakana nzima ikaondoka. Ndani ya droo usipake kitu kabisa, harufu haitoki kwenye nguo. Kwenye njia na chini ya mbavu za droo sugua mshumaa.

Hendo za shaba za mikono miwili, pima kutoka kwenye mstari wa katikati kwenda nje, usipime kutoka kwenye ncha, chora kwenye karatasi moja na utumie karatasi hiyo droo zote. Toboa kutoka mbele ili venea isipasuke, na matundu mawili ya hendo moja yawe sambamba, usifuate mviringo, vinginevyo skrubu hazitaingia. Nyuma ya uso wa kila droo, kwenye reli, bandika vizuizi viwili vidogo karibu na katikati ili droo ikisukumwa isimame uso ukiwa sawa na reli, visukume na kuvijaribu kabla gundi haijashika.

Siku ya kulipeleka kwa mteja toa droo zote, beba mwili peke yake, na hakikisha namba zile ulizoandika bado zinasomeka, maana droo ya pili hata ikiingia kwenye mlango wa tatu kwa kulazimishwa, mviringo wake haukupigwa randa hapo na rula itasema.